Nilivyopandisha famwea ya kontrola tatu za wingu letu bila kupoteza akidi

Ushauri niliopewa kabla ya kuanza kazi hii ungeangusha mfumo wetu wote, na aliyeutoa alilipwa kwa kuutoa. Ndiyo maana nimeona niandike. Taasisi ninayofanyia kazi hapa Tabora ina wingu dogo la OpenStack (programu huria inayogawa seva kuwa mashine pepe, yaani kompyuta za ndani ya kompyuta), ambalo seva zake tatu ndizo kontrola, yaani zinazoongoza wingu zima, na nyingine zinabeba mashine pepe za idara. Kontrola hizo zilikuwa bado na programu dhibiti zilizokuja nazo zikiwa mpya, yaani famwea ya BIOS (ile inayoiamsha seva kabla ya mfumo endeshi), ya kidhibiti cha mbali kinachowasha na kuzima seva, ya kadi za mtandao na ya kadi ya diski. Mtengenezaji alikuwa ametoa matoleo yanayoziba mianya ya usalama, nasi tuliahirisha mpaka mkaguzi wa ndani akatuandikia barua.

Mshauri aliyeletwa alisema tuzime zote tatu Jumamosi usiku, tuzipandishe kwa pamoja, tuziwashe, tulale. Maneno hayo yanamvutia anayehesabu saa za kazi, lakini kontrola tatu zinaishi kwa kura, na akidi yake ni mbili. Ukizima zote, hifadhidata ya Galera, ambayo nakala yake iko katika kila kontrola, haiamki yenyewe: ni lazima utafute nodi, yaani seva mwanachama wa kundi, iliyokuwa na data ya mwisho, usome faili la grastate.dat katika kila seva, ndipo uamue ni ipi itakayoanzisha kundi upya. Na ile iliyozimika ghafla utaikuta na alama ya -1 ambayo haikuambii lolote. RabbitMQ, inayopitisha ujumbe kati ya huduma za wingu, nayo husubiri nodi iliyozimwa mwisho iwe imewaka. Kumpa mtu kazi hiyo saa nane usiku, wakati hakuna kontrola hata moja inayofanya kazi, ni kumkosea. Nilikataa, nikasema tutapandisha moja baada ya nyingine, tena kwa siku tofauti.

Maandalizi yalichukua wiki nzima, na sitayaeleza yote. Mafaili niliyapakua kwa bando langu mwenyewe, kwa sababu laini ya ofisi ilikuwa nzito, na kila faili nililinganisha alama yake ya SHA256, inayoonyesha kama faili limebadilika, na ile iliyotolewa na mtengenezaji. Jambo lililonifaa zaidi lilikuwa kuongeza ukubwa wa gcache ya Galera, yaani akiba ya mabadiliko ya karibuni. Kwa kawaida ni megabaiti 128 tu, na nodi ikikaa nje hadi mabadiliko yakazidi kiasi hicho, ikirudi hunakiliwa hifadhidata nzima upya. Niliiongeza hadi gigabaiti mbili, nodi moja kwa siku, ili kila itakayorudi ipewe tu kile ilichokosa.

Jioni ya kontrola ya kwanza niliwasha jenereta kabla sijagusa chochote, kwa kuwa betri za UPS yetu zimechoka na famwea inapoandikwa si wakati wa kukisia kama umeme utakuwapo. Dizeli iliyotumika kwa kazi nzima ilikuwa lita thelathini hivi. Nilihakikisha wsrep_cluster_size, yaani idadi ya nodi za Galera kundini, inasoma 3 na kila nodi inasema Synced (data yake inalingana na ya wenzake), nikasimamisha klasta, yaani programu inayoziunganisha kontrola kuwa kundi moja, kwenye seva ile kwa amri ya pcs cluster stop, na anwani pepe, ile ya mtandao ambayo watumiaji huifikia, ikahamia kontrola ya pili bila mtumiaji yeyote kulalamika. Nikapandisha kidhibiti cha mbali kwanza, kama inavyopasa, kisha kadi ya diski, na seva ikajiwasha upya vizuri kabisa.

Kosa langu lilikuwa limejificha hapo. Nilikuwa nimeisimamisha klasta, lakini sikuizuia isijianzishe seva inapowaka. Kwa hiyo mfumo endeshi ulipopanda, nodi ile ilirudi kimyakimya kwenye kundi, ikapokewa na wenzake kama mwanachama kamili. Mimi nikidhani kwamba haina kazi yoyote, niliingia kwenye ukurasa wa kidhibiti cha mbali, nikachagua BIOS ipandishwe kwa kuzima seva kwa nguvu. Sasa, Pacemaker, programu inayosimamia klasta yetu, ina utaratibu ambao mafundi tunauita fensingi: nodi ikipotea bila kuaga, zilizobaki haziendi kwa kudhani kwamba imekufa, bali huikata umeme kupitia kidhibiti chake cha mbali na kuuwasha tena, ili isije ikawa bado inaandika mahali ambapo nyingine nazo zinaandika. Ni utaratibu mzuri, na usiku ule ulifanya hasa ulichoumbiwa. Kontrola mbili ziliona mwenzao ametoweka, zikasubiri sekunde chache, zikaikata umeme seva ambayo BIOS yake ilikuwa katikati ya kuandikwa.

Fundi kijana niliyekuwa naye aliuliza, "Dada, mbona skrini imekuwa nyeusi na feni zinavuma hivyo?" Sikuwa na jibu. Nilifungua kumbukumbu za matukio za kontrola ya pili, nikaona mstari unaosema nodi ya kwanza imefanyiwa fensingi, na hapo nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Tulichomoa nyaya zote mbili za umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili chaji iliyobaki ndani iishe, tukasubiri, tukachomeka. Bodi zile zina nakala ya pili ya BIOS, na baada ya dakika kama arobaini, ambazo kwangu zilikuwa ndefu kuliko safari ya treni ya kutoka Dar es Salaam, nembo ya mtengenezaji ilitokea. Muda wote huo wingu liliendelea kufanya kazi kwa kontrola mbili. Kama tungefuata ule ushauri wa Jumamosi, zote tatu zingekuwa hatarini wakati mmoja.

Nakala hiyo ya pili iliamka na mipangilio ya kiwandani, kwa hiyo seva haikuiona hata diski ya kuwakia. Hapa ninajivunia waziwazi: siku moja kabla nilikuwa nimepiga picha kwa simu kila ukurasa wa mipangilio ya BIOS, kurasa ishirini na kitu, wakati wenzangu wakiniuliza picha za nini. Kijana alinisomea kutoka kwenye simu, mimi nikaandika, tukarudisha kila kitu mpaka namna ya kuwaka. Saa ya bodi nayo ilikuwa imerudi nyuma miaka, kwa sababu ile betri yake ndogo imekwisha. Niliirekebisha kabla ya kuiruhusu nodi iingie kundini, maana tokeni za Keystone (vibali vya muda vya kuingilia wingu) zinazotolewa na nodi yenye saa iliyo nyuma huonekana kwa wenzake kuwa zimekwisha muda, nawe ukahangaika kutafuta kosa la nywila ambalo halipo.

Kwa kontrola ya pili niliandika amri mbili kwenye karatasi na kuibandika juu ya kabati la seva: pcs cluster disable, inayoizuia klasta isijianzishe seva inapowaka, kisha pcs cluster stop. Mara hii iliwaka upya mara nne, na kila ilipowaka ilikaa nje ya kundi mpaka nilipoiita mwenyewe. Kuna rafiki aliyenishauri niizime fensingi ya klasta nzima hadi kazi iishe, na ninaomba msimfuate: huduma ikigoma kuzimika kwenye mojawapo ya nodi mbili zilizobaki, fensingi ndiyo itakayowaokoa. Nodi iliyoaga vizuri na isiyojirudisha yenyewe haiguswi na mtu.

Ya tatu ilinichelewesha kwa jambo dogo tu. Baada ya famwea ya kadi za mtandao, majina ya kadi yalibadilika na mtandao wa ndani ukakosa pa kushika. Nikayafunga majina kwa anwani za MAC, yaani namba za kudumu za kila kadi, ikatosha. Ilipoingia kundini ilipokea mabadiliko iliyoyakosa kwa chini ya dakika moja, kazi ya ile gcache, na wsrep_cluster_size ikasoma 3. Nilirudisha klasta ijianzishe yenyewe katika kontrola zote, na asubuhi yake, ofisi ikiwa bado haijafunguliwa, nikaijaribu fensingi kwa makusudi kwenye kontrola ya tatu. Ilikatwa umeme, ikawaka na BIOS mpya, ikarudi kundini yenyewe, nasi tukaizima jenereta.