Siku Moja ya Mwalimu wa Maarifa ya Jamii, Bagamoyo

Huamka saa kumi na nusu alfajiri, na saa kumi na mbili na nusu huwa nimeshafika shuleni, kwa kuwa darasa la saba hutangulia kabla ya wengine katika majuma haya ya mwisho kuelekea mtihani wa Septemba.

Kuanzia saa moja hadi mapumziko ya uji tulipitia tarehe: Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Uhuru wa 9 Desemba 1961, Muungano wa 26 Aprili 1964. Wanafunzi huzitaja kwa sauti moja bila kukosea, nami nikawapa jaribio fupi.

Saa nne na nusu ndipo kazi ilipoanza hasa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa, na swali lilikuwa jepesi kulisoma: ikiwa ni saa sita mchana katika longitudo 0, ni saa ngapi katika longitudo 45 mashariki? Karibu nusu ya darasa walitoa saa tatu badala ya kuzijumlisha, wakapata saa tatu asubuhi. Nilichukua chungwa na tochi, nikalizungusha polepole ili waone kuwa upande wa mashariki hulipata jua mapema, na kwa hiyo saa yake hutangulia. Tulikuwa tumekaribia kulifikia jibu, yaani saa tisa alasiri, mzazi mmoja aliposimama mlangoni.

“Shikamoo, baba,” nilimwamkia.

“Marahaba, mwalimu. Nimekuja kumchukua binti yangu. Kuna kijana anamfundisha hesabu nyumbani. Haya ya kwako ni ya kukariri tu, usiku mmoja unamtosha.”

Maneno hayo nimeyasikia kwa miaka mingi, na bado huniuma. Nilimweleza kwa heshima kwamba katika mtihani huu kila somo lina alama 50, Maarifa ya Jamii sawasawa na Hisabati, na kwamba kugawanya 45 kwa 15 ni hesabu vilevile, ila mtoto lazima kwanza aelewe kwa nini anagawanya. Nilimwonyesha ramani yenye kipimo cha 1:50,000, nikamwomba binti yake aeleze sentimita moja ni umbali gani ardhini. Akajibu, “Nusu kilomita.” Mzee alitabasamu, akamsifu, kisha akasema kuwa mtu aliyekwisha kujua hana haja ya kuendelea kukaa. Tulizungumza karibu nusu saa huku darasa likisubiri na chungwa likiwa mkononi mwangu. Mwishowe alikubali abaki hadi adhuhuri, na ilipofika adhuhuri alirudi kweli, akamchukua.

Mchana nilisahihisha jaribio la asubuhi. Niliuliza kwa nini mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, na wengi waliandika kuwa walimkimbia Bushiri, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, ambaye alikuwa amekwisha kunyongwa Pangani Desemba 1889. Watoto hawa hupita karibu na Boma la Wajerumani mara kwa mara, na mwaka wa 1891 wanaukumbuka vizuri, lakini sababu hawaijui.

Nilikuwa nimechoka na koo limekauka, hata hivyo niliwachukua hadi ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, ngalawa zimelala juu ya mchanga, na mtu aliweza kutembea mbali sana bila kulowa magoti. Niliwauliza meli kubwa ingetia nanga wapi. Walikaa kimya, kisha mmoja akasema kwamba ingebidi ibaki mbali na mizigo ishushwe kwa mashua, mwingine akaongeza kwamba Dar es Salaam kuna bandari yenye kina, iliyojificha ndani. Sikuhitaji kuongeza neno.

Sikumbuki niliingia nyumbani saa ngapi. Giza lilikuwa limeshatanda. Baada ya chakula nilimaliza madaftari yaliyobaki, na daftari la mwisho lilikuwa la yule binti, ambaye naye alikuwa ameandika jina la Bushiri. Nilichukua karatasi, nikachora ufuko, ngalawa mchangani na meli iliyosimama mbali, nikaandika chini yake yote waliyoyasema wenzake, nikaikunja ndani ya daftari lake ili aisome kesho kabla ya kengele.