612 ya Shangazi

Kikaratasi kilikuwa na mstari mmoja tu: CA-125, 612. Pembeni, penye kiwango cha kawaida, 0–35, na herufi H iliyokolezwa wino kuonyesha kimepanda. Kijana wa dirishani, wala hatukumwuliza, akasema polepole, "Hiki ni kipimo cha saratani, mama." Shangazi akakikunja mara nne, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, na usiku ule nilifanya hesabu ya kijinga kuliko zote nilizowahi kufanya. 612 gawanya kwa 35: mara kumi na saba na ushee. Basi nikaona mtu ana saratani mara kumi na saba. Kufika asubuhi baba mkubwa kule Muheza alishapigiwa simu, na "Ocean Road", hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ilishaanza kutajwa ndani ya nyumba kwa sauti ile ya watu walioko msibani.

Shangazi ana miaka 58. Tumbo lilikuwa limejaa miezi miwili huku mikono ikibaki mifupa. Homa zilimjia jioni, usiku jasho likalowesha shuka. Tulisema malaria, tukasema gesi, jirani akasema kijicho.

Daktari wa wanawake tuliyemwona wiki iliyofuata ni mama wa makamo asiye na haraka. Alitwambia CA-125 ni protini inayotoka, pamoja na kwingineko, kwenye utando unaolifunika tumbo kwa ndani, na hata ule wa mapafu. Utando ukikerwa, protini inamwagika kwa wingi kwenye damu. Saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke, inaukera sana. Lakini fibroidi, ule uvimbe wa kizazi, nayo inaukera, hedhi nayo, mimba changa, ini lililosinyaa. Nikamwambia, daktari, kwetu dukani droo ikipungua elfu hamsini jioni, daftari linaniambia fedha haipo, haliniambii nani kachukua. Akacheka. "Ndiyo hiyohiyo."

Nikaenda kusoma mwenyewe. Ile 125 haina uzito wowote wa ugonjwa: mwaka 1981 Robert Bast na wenzake huko Boston walikuwa wakijaribu kingamwili moja baada ya nyingine dhidi ya seli za saratani ya ovari, na iliyofaa ilikuwa ya 125. Miaka miwili baadaye wakapima watu 888 walioonekana wazima, asilimia 1 tu wakavuka 35. Kati ya wagonjwa 101 wa saratani ya ovari, 83 walivuka. Mtu wa hesabu hawezi kuwapita wale 18 waliobaki. Wana saratani, na karatasi yao haina H! Ndiyo maana mwanamke mzima asiye na dalili hapewi kipimo hiki kumtuliza roho.

Ila daktari hakumpa Shangazi matumaini ya bure. Umri wake na yale maji yaliyojaa tumboni, alisema, vinataka jibu la haraka. Walitoa lita tatu kwa sindano, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Maabara haikuona seli za saratani, lakini hilo peke yake halikutosha. Picha ya kifua safi, makohozi safi. Wakaingiza kamera kwa tundu dogo karibu na kitovu, wakakuta vipunje vyeupe vimetapakaa kwenye utando kama mtama ulioanikwa. Saratani nayo huweza kuonekana hivyohivyo, kwa hiyo wakakata kinyama. Siku kumi na mbili za kusubiri sizisimulii.

Ilikuwa TB.

"Kifua kikuu cha tumbo," daktari alisema. Shangazi akamtazama. "Kifua changu kimeshuka tumboni lini?"

Dawa ni bure, miezi sita: miwili ya aina nne, minne ya aina mbili. Siku ya pili alinipigia simu alfajiri anatetemeka, mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa. Hilo walikuwa wamemweleza kliniki, na mimi nilikuwepo, ila kusikia ni kitu kimoja na kuona ni kingine.

Baada ya miezi miwili alipimwa tena: 96. Mwisho wa dawa, 14. Hapo ndipo nilipoanza kukiheshimu kile kipimo. Kwa kumtambua mwizi hakinishawishi, lakini kufuatilia kama anaondoka kinafaa. Wagonjwa wa saratani ya ovari wenyewe hufuatiliwa hivyo, kabla ya dawa na baada yake, namba ikilinganishwa na namba ya mtu yuleyule.

Juzi nilimwomba kikaratasi cha kwanza nikiweke kwenye faili pamoja na vingine. Akasema alikifua na kanga.

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa sabuni ya mche, mwanangu."