Taa ikidanganya mara moja tu

Tuko wiki ya sita ya kupima njia mpya ya treni nyepesi na karibu kila siku kuna mtu ananiuliza swali lile lile, mbona treni zinapita tupu, reli si imeisha, nyaya zipo, vituo vimeshapakwa rangi, sasa mnasubiri nini? Nawaelewa kabisa wanaouliza. Mimi niko upande wa taa, zile za kwenye makutano pale treni inapokatiza barabara ya magari, na leo nataka nieleze vizuri maana jibu la "bado tunapima" halimsaidii mtu aliyekwama kwenye foleni huku treni isiyo na abiria inampita mbele ya macho.

Treni ya kwanza kabisa kupita kwenye njia mpya huwa haijiendeshi, inavutwa. Inavutwa taratibu kama mtu anayetembea, na pembeni kuna watu wanatembea nayo kwa miguu, na ubavuni imebandikwa sponji ili kama kuna nguzo au ukingo wa kituo umekaa karibu mno basi sponji ndo iguse kwanza na sio bodi ya behewa. Ikitoka hapo ndo umeme unawashwa, njia nyingi za aina hii zinatumia volti 750, alafu treni inaanza kujiendesha kwa kilomita 10 kwa saa, 20, inapandishwa hivyo hivyo mpaka spidi kamili. Baadaye mabehewa yanajazwa mizigo ya kufidia uzito wa abiria, kwa sababu treni iliyojaa haisimami sawa na treni tupu.

Na hili la kusimama ndo kila mtu anayeendesha gari karibu na reli angetakiwa alijue. Chukua spidi ya kilomita 50 kwa saa. Gari dogo lenye breki nzima kwenye lami kavu likikanyagwa breki ya nguvu linahitaji kama mita 14 kusimama, hapo sijahesabu muda wa dereva kushtuka. Treni nyepesi ikishika breki ya kawaida, ile ambayo haiwaangushi abiria waliosimama, inakula mita 80 hivi. Dereva akitumia breki ya dharura, ile inayomwaga mchanga kwenye reli na kushusha sumaku zinazong'ang'ania chuma, bado ni mita 35 na zaidi. Chuma juu ya chuma kinateleza. Na dereva wa treni hana usukani wa kukukwepa. Kwahiyo kitu pekee kilichopo kati yako na treni kwenye makutano ni ile taa, na wewe kuiamini.

Taa za treni zenyewe hazina rangi tatu. Sehemu nyingi duniani ni mstari mweupe, ukilala maana yake simama, ukisimama wima maana yake pita. Imefanywa hivyo makusudi ili mwenye gari asione kijani cha treni akadhani ni chake.

Sasa taa inajuaje treni inakuja? Kabla ya makutano, mita mia kadhaa huko nyuma, kuna waya umezikwa katikati ya reli (sehemu nyingine wanatumia redio au setilaiti) na treni ikipita juu yake inajitambulisha, kama mtu anayebisha hodi. Ujumbe unaenda kwenye kabati la taa pale kona, lile la chuma ambalo watu huegemea wakisubiri kuvuka, na kompyuta ya humo ndani inaanza kupiga hesabu. Kama upande wa treni tayari umeruhusiwa, inaongeza sekunde kadhaa. Kama magari ya upande mwingine ndo yana kijani, inakikata mapema kidogo. Kuna kitu kimoja ambacho hairuhusiwi kukigusa hata treni ikibisha hodi vipi, nacho ni muda wa mtu ambaye ameshaanza kuvuka kwa miguu. Barabara ya mita 14 kwa bibi anayetembea mita moja kwa sekunde ni sekunde 14, na hizo hazipunguzwi, treni itasubiri. Usiku mmoja mzima tulikuwa tunavuka sisi wenyewe kwa mwendo wa mtu mzee huku treni inatumwa inakuja, tena na tena, tuone kama kuna mara hata moja kompyuta itaiba sekunde. Haikuiba.

Alafu treni ikishavuka kuna waya mwingine upande wa pili, wa kuaga. Ikipita hapo, kabati linajua imetoka na linarudisha zamu kwa magari. Huu wa kuaga ndo umetunyima usingizi.

Kwenye makutano moja hivi, pana sana, kuaga kulikuwa kunafanya kazi mara tisa na ya kumi kunagoma. Treni inabisha hodi vizuri, inapewa njia, inavuka, inaondoka zake, na kabati linabaki linaamini treni bado iko katikati ya barabara. Magari yanabaki na nyekundu. Kuna kikomo cha muda ambacho kikifika kompyuta inaacha yenyewe kusubiri, lakini kilikuwa kimewekwa kirefu mno, na dakika mbili za nyekundu huku reli iko wazi mbele yako ni muda mrefu kuliko zinavyosikika. Nilisimama pale na daftari kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kwanza watu walisubiri. Wakapiga honi, wakasubiri. Siku ya pili pikipiki zikaanza kupita. Siku ya tatu magari, kwanza moja linachungulia, linaangalia kulia na kushoto, linapita, na wa nyuma yake hata hachungulii, anafuata tu kwa sababu wa mbele kapita.

Siku tatu. Hapo ndo niliogopa kweli, kwa sababu nyekundu ya uongo na nyekundu ya kweli zinafanana kwa kila kitu. Yule anayevuka leo kwa sababu jana hapakuwa na treni, kesho atavuka kuna treni, na treni hiyo ina mita 80 za kusimamia.

Tuliandika hitilafu siku hiyo hiyo na nikaomba treni za majaribio zisipite pale bila mtu wa bendera mpaka irekebishwe. Kuna waliosema sio hitilafu ya usalama, kwamba taa imebaki nyekundu na nyekundu ndo upande salama, na kwa karatasi wana haki, kwenye fomu ukiwasha nyekundu umefaulu. Mimi sikubali. Taa ni salama kama watu wanaitii, wakiacha kuitii basi ni balbu tu. Mkuu wa zamu alinisikiliza, nashukuru sana, akaweka mtu wa bendera asubuhi ile ile.

Kutafuta chanzo kulituchukua usiku nne. Tulidhani ni kebo, tukapima kebo, nzima. Tukabadilisha kadi ndani ya kabati, tatizo liko pale pale. Usiku wa nne mwenzangu mmoja akagundua kwamba inagoma pale tu treni mbili zinapopishana katikati ya makutano, yaani ya kwenda na ya kurudi, zinaaga karibu kwa wakati mmoja na programu inahesabu kuaga kumoja. Hodi mbili, kwaheri moja. Ukiita treni moja moja kama tulivyofanya wiki ya kwanza hulioni hata ukae mwezi. Ndo maana mnaona treni tupu zinazunguka kwa ratiba kamili kama vile zina abiria, kuna makosa ambayo yanatokea tu pale kila kitu kinapotokea kwa pamoja.

Kazi nyingine nitazitaja haraka. Tunalazimisha kabati lionyeshe kijani pande mbili zinazogongana, makusudi, tuone kile kifaa cha ulinzi kinashtuka na kutupa makutano yote kwenye nyekundu ya kuwakawaka. Tunachomoa taa moja moja tuone treni haipewi njia kama nyekundu ya magari imeungua. Tunahesabu muda wa kutoka, maana treni ya mita 60 inayovuka makutano ya mita 30 kwa kilomita 20 kwa saa inahitaji sekunde 16 mpaka mkia wake utoke, gari dogo kwa spidi hiyo linahitaji kama 6.

Na haya sio ya kwetu peke yetu. Houston kule Marekani walifungua njia yao tarehe 1 Januari 2004 na magari yalianza kugongana na treni hata kabla ya abiria wa kwanza, kwenye majaribio, sana sana madereva waliokuwa wanakata kona juu ya reli. Minneapolis na St. Paul walifungua yao Juni 2014, na mwanzoni treni ilikuwa inasimama kwenye taa za vijia vidogo visivyo na magari, ikabidi wazirudie taa baada ya kufungua. Sydney, Desemba 2019, kitu kile kile, treni mpya za mita 67 zinatambaa na watu wanauliza kwanini. Addis Ababa mwaka 2015 walikwepa sehemu kubwa ya tatizo kwa kuipitisha treni juu ya madaraja na kuzungushia uzio, lakini hiyo ni gharama na uzio nao unakata mtaa vipande viwili. Zürich wapigakura waliidhinisha mwaka 1977 fedha za kuzipa tramu na mabasi njia ya mbele, na mpaka leo ukifika kule utaona tramu inafika kwenye taa na taa inafunguka.

Sasa kuna jambo ambalo haliko kwenye fomu zetu za majaribio lakini nalisema hapa kwa sababu ni blogu yangu. Kiasi cha kipaumbele ambacho treni inapewa sio suala la ufundi. Kabati linaweza kuipa treni kijani kila mara, linaweza pia kuisimamisha kila kona, ni namba unaandika kwenye laptopu. Treni yenye watu 200 ikisubiri magari kumi yenye mtu mmoja mmoja, kuna mtu aliamua hivyo. Mimi naona ipite treni. Kituo nacho kingejengwa baada ya makutano na sio kabla, kwa sababu kikiwa kabla treni inabisha hodi alafu inasimama kupakia, mlango unashikwa na mtu mwenye mizigo, kijani kinaisha bure na magari yamesimamishwa bila sababu, na hapo tumerudi kwenye nyekundu ya uongo. Kwetu vituo viwili viko kabla. Hivyo tumeviwekea kitufe, dereva anabisha hodi akishafunga milango.

Programu mpya iliwekwa juzi. Jana asubuhi nilirudi kwenye yale makutano mapana na daftari, treni zikapishana mara kumi na moja, na mara zote magari yalipata kijani sekunde chache baada ya mkia wa mwisho kutoka. Pikipiki mbili bado zilipita na nyekundu. Mtu wa bendera anabaki pale wiki mbili zaidi, nimeshaandika ombi.

Ukikaa karibu na njia na ukaona nyekundu inang'ang'ania bila treni, usivuke. Angalia mlango wa kabati pale kona, kuna namba ya kabati na namba ya simu, piga utaje namba ya kabati na saa kamili. Dakika ikiwa sahihi tunaweza kufungua rekodi tukaona ni treni gani haikuaga.