Bibi na maji ya sola
Jamani nimefika kwa bibi huku Singida nikakuta bomba karibu na shule, sikuamini! Mi nimekua hapa tunaamka saa tisa usiku kwenda korongoni, tunafukua mchanga tunasubiri maji yajikusanye, na ng'ombe nao wanakunywa hapohapo. Kulikuwaga na pampu ya dizeli, leo mafuta yameisha kesho spea hamna, ikafa. Sa hivi sola inavuta maji kisimani jua likiwaka, yanapanda kwenye simtanki juu ya mnara, usiku yanashuka yenyewe tu. Ndoo ya lita 20 shilingi 50. Mawingu yakitanda siku mbili foleni inarudi kama kawa. Bibi sasa, analalamika eti maji ya bomba hayana ladha 😂