Stei ya nguzo shambani kwa mama, tulivyoachana nayo

Jamani naomba niwasimulie hili maana limekaa nyumbani kwetu miaka na hakuna aliyeliona ni hatari, hata mimi. Kwa mama huko Mvomero laini ya umeme inapita shambani, ile kubwa ya volti 33,000, ikifika kwenye nguzo ya pembeni mwa mahindi inakata kona kuelekea transfoma ya kijiji. Pale kwenye kona ndo kuna stei, yani ule waya mnene wa chuma uliosokotwa unaotoka juu ya nguzo unashuka mshazari mpaka unaingia ardhini. Sisi tuliuchukulia kama kamba tu. Mama anafunga mbuzi pale, wajukuu wanabembea, kamba ya kuanikia nguo imetoka kwenye mwembe imeishia pale, na mpesheni wake alioupanda chini ya stei ulishapanda mpaka juu huko na unazaa kweli kweli.

Mwaka jana nikaenda kuzungushia shamba senyenge maana mbuzi wa watu walikuwa wanamaliza mahindi. Fundi akaona ncha ya mwisho aifunge kwenye stei ili tuokoe nguzo moja ya fensi, akaniuliza nikamwambia sawa funga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake akapita kijana wa jirani ambaye alishafanya kibarua na wakandarasi wa kusambaza umeme vijijini, akasimama njiani akaita kwa nguvu, "Kaka, usiishike hiyo senyenge!" Mi nilishachukua koleo nikitaka kuifungua hapohapo, akanizuia. Akanionyesha kwa juu kuna kidude cha kaure kama yai kubwa kimeunganishwa katikati ya stei, siku zote nakiona sijawahi kujiuliza kazi yake. Kumbe kipo pale ili waya wa moto ukikatika ukaangukia stei kwa juu, umeme uishie hapo usishuke kwa watu. Sasa mpesheni wa mama ulishakipita kile kidude, na mmea mbichi ukilowa mvua unapitisha umeme, ukishuka chini unakuta senyenge imezunguka shamba zima, ng'ombe wameegemea, watoto wanaruka. Nilinyamaza kimya aisee.

Akaniambia na lingine, kwamba kwenye kona nyaya za juu zinaivuta nguzo upande mmoja na stei ndo inaivuta upande wa pili, kwa hiyo stei ikilegea au ikigongwa na trekta nguzo inalala na nyaya zinashuka usawa wa mtu.

Nikapiga simu ofisi ya umeme nikaeleza ukweli wote, kwamba tumefunga senyenge na kuna mmea umepanda, sikuficha kitu. Siku hizo za kusubiri niliwakataza watu wote kusogea upande ule. Siku ya tatu mafundi wakaja, wakazima laini, wakatoa senyenge na mpesheni wote. Mama alisikitika mno. Akauliza, "Baba, mbona miaka yote hii hajafa mtu hapa?" Fundi mmoja, kijana mwenye adabu, akamjibu taratibu, "Mama yangu, ni kwa sababu waya wa juu haujawahi kukatika, basi, hakuna kingine." Halafu akafukua kidogo pale mbuzi wanapolala akamwonyesha kile chuma kinachoingia ardhini, kutu imekila, udongo umechimbwa na kwato. Wakakibadilisha wakakaza upya. Nadhani kilichomwingia mama ni ile kutu, maneno yangu nilishayasema sana hayakusaidia.

Baada ya hapo kazi ikawa yetu. Mbuzi nikawatafutia kigingi upande wa pili wa nyumba, nguo zinaanikwa kati ya miembe miwili, mama nikamjengea chanja ya mianzi karibu na jiko akapanda mpesheni mwingine. Fensi nikaongeza nguzo mbili inakatiza mbali na stei, haiigusi popote. Stei yenyewe sikuigusa, ila nimezungushia mawe ya chokaa hatua kadhaa kutoka pale ili mwenye trekta aone, na kabla hajaanza kulima namtembeza kwanza mpaka pale. Majani tunafyeka, hatuchomi, nguzo ni ya mti na moto ukiila chini tumerudi kulekule.

Watoto ndo walinichosha. Nimewafundisha mpaka wananiimbia: ukiona waya umelala chini hata kama hautoi cheche usiusogelee, ondoka miguu ikiwa pamoja unaburuza kidogo kidogo usipige hatua ndefu, kaite mkubwa. Na mwenye trekta akigonga nguzo abaki juu ya trekta mpaka umeme uzimwe, labda trekta iwake moto, hapo aruke mbali miguu pamoja bila kushika chuma na ardhi kwa wakati mmoja.

Sasa imebaki stei ya njia ya kisimani, bodaboda wanapita pale usiku na haionekani kabisa, inahitaji kuvalishwa bomba la njano. Mwenyekiti wa kitongoji ameniandikia barua, Jumatatu naipeleka ofisini mwenyewe.