Ukuta wa Kusini

Kihisi changu cha kwanza cha joto nilikifunga mwezi wa Juni, nyuma ya nyumba yetu Njombe, chini ya upenu. Niliuchagua ukuta wa kusini kwa makusudi. Juni jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo kule nyuma kulikuwa na kivuli kutwa nzima. Kilikuwa DS18B20 ya kuzuia maji, kile kichuma chembamba chenye nyaya tatu, nyekundu, nyeusi na njano, nikakiunganisha na Arduino, kibao kidogo cha kompyuta, iliyokaa dirishani. Kabla ya kukifunga nilikitumbukiza kwenye kikombe cha maji na barafu iliyopondwa, kikasoma 0.3 badala ya sifuri. Kiwanda chenyewe kinakubali kosa la nyuzi 0.5, nikaridhika.

Miezi ikapita, daftari likajaa. Wiki ya pili ya Desemba nikaona mambo hayakai sawa. Saa mbili asubuhi kilisoma nyuzi 27, na mimi ninayekisoma nimevaa koti. Saa nne, siku ndiyo kwanza inapata joto, kikashuka hadi 19. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Nikadhani mvua imeingia kwenye maungio. Nikayafungua yote, nikalehemu upya, nikabadilisha rizista ya kiloomu 4.7 iliyo kati ya waya mwekundu na wa njano. Waya mmoja ukachomoka nikiwa juu ya stuli, kioo kikaandika -127, namba ambayo programu huitoa ikikosa kihisi. Nikaurudisha. Asubuhi iliyofuata: 27.

Mama alikuwa anakung'uta mashuka.

"Baba, unahangaika na nini tangu juzi?"

Nikamweleza. Akanionyesha kamba yake ya nguo, iliyotoka pembe ya jiko hadi kwenye mparachichi.

"Huoni kamba yangu ilipo? Mwezi wa sita naanika mbele, maana huku nyuma hata soksi haikauki. Sasa hivi jua la asubuhi linapiga huku. Limehama."

Nikasogea ukutani. Mwanga ulikuwa umeingia chini ya upenu kwa mshazari, umekilalia kile kichuma chote, na tofali nyuma yake lilikuwa vuguvugu mkononi. Jua likipanda juu zaidi, upenu ungekifunika, na ndiyo maana saa nne kilikuwa kinashuka. Njombe iko nyuzi 9 hivi kusini ya ikweta. Desemba jua limeshatuvuka. Maelekezo niliyoyafuata, ya kufunga kihisi kwenye ukuta wenye kivuli, yalitoka Ulaya, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima, basi mtu akichagua ukuta wa kaskazini amemaliza. Sisi hatuna ukuta wa namna hiyo. Jua linatuzunguka pande zote mbili, na kamba ya mama ilikuwa inalifuata tangu sijazaliwa.

Siku hiyohiyo nikakata mrunda na kuusimika kwenye majani, mbali na nyumba na mabati yake. Nikanunua visahani saba vyeupe vya plastiki, vile vya kuwekea vyungu vya maua, nikatoboa sita katikati kwa msumari wa moto, cha juu nikakiacha kizima. Nikavipanga kifudifudi kwenye bolti ndefu, kati ya kimoja na kingine nikaweka vipande vya bomba ili upepo upite. Kihisi kikaning'inia ndani bila kugusa chochote, mita moja na nusu kutoka chini. Wataalamu wa hali ya hewa hupima kati ya mita 1.25 na 2. Mama alinishikia mrunda nilipokuwa nashindilia udongo, akaniambia mara mbili umeinama upande wa jiko, na kweli ulikuwa umeinama.

Kesho yake kulikucha bila wingu. Saa mbili mama akatoka na beseni, akaanza kuanika. Jua lilikuwa ukutani, juu ya tundu la msumari wangu wa zamani. Kwenye mrunda kilisoma 16.4.