Mafumbo ya Kiswahili yalivyonifungulia chemshabongo za Waingereza

Nilipotaka kujifunza chemshabongo za Kiingereza, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa "meza kamusi". Wa pili ulitoka kwa bwana aliyesomea Uingereza: niachane nazo kabisa, chemshabongo zenye vidokezo vya mafumbo ni za waliozaliwa huko. Huwa anapenda kusimulia kisa cha Januari 1942, vita vikiwa vimepamba moto, gazeti la The Daily Telegraph lilipowashindanisha wasomaji kumaliza chemshabongo kwa dakika 12, kisha baadhi yao wakaitwa Bletchley Park, kituo cha siri cha Uingereza, kuvunja misimbo ya adui. Kisa ni cha kweli. Lakini kukitumia kumtisha mtu anayetaka kujaza visanduku baada ya kazi ni ubaya. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Kiingereza nilikikuta shuleni, na siku hizi nalimaliza jedwali zima kwenye matatu kabla sijafika ninakoshuka.

Kitabu changu cha kwanza nilikinunua Nairobi kwa wale wauzaji wa vitabu vya mtumba kando ya barabara, mia moja na kitu. Mwenyewe wa mwanzo alikuwa ameshajaza kurasa nyingi. Muuzaji akanipunguzia bei akidhani ni kasoro, kumbe ndizo zilizonifunza: jibu ninalo, kidokezo ninacho, kazi yangu ikawa kutafuta njia iliyopita kati yao. Anayeanza na aanze hivyo. Jedwali tupu humvunja mtu moyo bure.

Wasichokwambia washauri ni kwamba karibu kila kidokezo kina vipande viwili. Kimoja, ama mwanzoni ama mwishoni, ni maana ya kawaida ya jibu. Kilichobaki ni maagizo ya kuliunda neno hilohilo kwa herufi. Ximenes, ambaye jina lake halisi ni D. S. Macnutt, alitunga chemshabongo kwenye gazeti la The Observer tangu 1939 hadi 1971, na sheria yake ilikuwa hiyo: maana sahihi, maagizo ya haki, na lisizidi neno. Mtunzi mwenzake, Afrit, alishasema mwaka 1949 kwamba mtunzi halazimiki kukusudia kile anachosema, lakini lazima aseme kile anachokusudia. Ukilishika hilo, husomi tena sentensi kwa maana yake. Sentensi ni pazia.

Haya yote niliyaelewa vizuri pale binti wa kaka yangu, aliye kidato cha pili, aliponitaka nimfundishe. Kwa vidokezo vya Kiingereza tulikwama, maana alihangaika na msamiati badala ya ujanja. Usiku huo nikatunga vya Kiswahili. Asubuhi nikampa hiki, namba ya kwenye mabano ikiwa ni idadi ya herufi za jibu:

Mfalme wa mwitu amejificha kati ya risasi mbalimbali (5)

"Shangazi, simba anajificha risasini?"
"Umeshajibu. Sasa nioneshe yuko wapi."

Akaikodolea macho ile karatasi, kidole kikitambaa juu ya herufi: risa-SI MBA-limbali. Alipiga kelele hadi jirani akachungulia.

Cha pili nimekipenda zaidi: Mji wa Kenya wenye tembo aliyelewa (5). Papo hapo akasema Voi, kwa ajili ya ndovu wa Tsavo. Voi ni herufi tatu! Nikamwambia asimtazame ndovu, atazame ulevi. Ukiona kitu kimelewa, kimevurugwa, kimevunjika au kimepondwa, zichanganye herufi za neno lililo karibu. Aliziandika T, E, M, B, O kwa duara, si kwa mstari, na huo ni ujanja wa kuiga, kwa sababu mstari hukulazimisha kuliona neno la zamani. Akaipata BOMET.

Kugeuza hakukuwa na taabu nyumbani kwetu. Mama na dada zake walikuwa wakizungumza kinyume ili watoto tusifahamu, maji yakawa jima. Wao waligeuza silabi, chemshabongo hugeuza herufi. Kwa hiyo "Inama ukirudi nyuma upate utulivu (5)" aliifumbua akila mkate: inama kutoka mwisho ni AMANI. Na "Chai imekatwa kichwa, bado yenye uhai (3)" hata sikungoja.

Kilichomshinda ni kile chenye maana mbili tupu bila maagizo, "Nguo hutaga mayai (5)". Sisi Mombasa nguo ile twaiita leso, na leso haitagi. Ilibidi nimkumbushe wenzetu wa Unguja wanavyosema, ndipo KANGA wote wawili wakatokea, wa kujifunga na mwenye mabawa.

Kuna aina moja adimu, ambapo kidokezo kizima ni maana na kizima hichohicho ni maagizo. Waingereza huihusudu sana. Yangu ni hii: Bara kwa bara huunganishwa nayo (8). BARABARA! Nimeitazama kila upande na sioni neno la kuondoa.

Wiki za likizo hazikwisha kabla hajanijia na fumbo lake: Chakula tumboni mwa Hawa likizoni (4). Hawa ni rafiki yake. "Tumboni mwa" ndilo agizo, na ndani ya Hawa likizoni umekaa WALI. Ximenes mwenyewe angeipitisha.

Sasa tunachora jedwali letu, na hapo lugha ina tabia zake. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, basi safu ya wima ya mwisho kulia, pale maneno ya mlalo yanapokomea, hupokea irabu tupu katika kila kisanduku cha makutano. Mistari ya mlalo ikiwa ya kwanza, ya tatu na ya tano, neno la wima pale lazima lianze kwa irabu na kwa kawaida lipishane irabu na konsonanti: asali, elimu, imani. Nilidhani ni kikwazo, kumbe maneno ya namna hiyo tunayo tele. Kona ya juu kulia tumeshaiweka ASALI, na binti anang'ang'ania kidokezo chake kiwe na nyuki aliyelewa. Nimemkatalia mpaka anioneshe herufi zinazochanganywa zimetoka wapi.